Kukata Bamba la Akriliki Pasipo Kujiumiza

Mtu apitaye katika mji wa Tunduma, hapo ambapo barabara kuu itokayo Dar es Salaam hufika mpakani na kuingia Nakonde, nchi ya Zambia, huona vitu vingi ving'aavyo kama kioo. Huona mabango ya maduka yenye herufi nyekundu na za samawati. Huona visanduku ambamo wenye maduka huweka simu za kuuza. Huona vidirisha vya mawakala wa fedha, wakala ndani na mteja nje. Ukivitazama kwa mbali utasema, "Hiki ni kioo." Lakini kigonge kwa ukucha. Kioo hulia kwa sauti kali na nyembamba. Kitu hiki hulia kwa sauti nzito, kama ubao mkavu. Tena kioo ni baridi ukikigusa asubuhi ya mwezi wa Julai, na hiki si baridi sana. Jina lake ni akriliki. Watu wengi wa kwetu huiita kioo cha plastiki, na jina hilo si baya, maana ni plastiki kweli, nayo hupitisha mwanga vizuri mno: katika kila sehemu 100 za mwanga uiangukiao, sehemu 92 hivi hupita upande wa pili.

Akriliki si kitu cha zamani sana. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa Ujerumani na wa Uingereza, kila upande kwa kazi yake, walifaulu kuifanya mabamba ya kuuzwa. Wajerumani waliipa jina la Plexiglas, na Waingereza jina la Perspex. Siku hizi bamba zima huuzwa kwa kipimo cha futi 4 kwa futi 8, yaani milimita 1220 kwa 2440, na unene wa milimita 2, 3, 5 au zaidi. Mwenye kuhitaji kidogo huenda kwa fundi mabango akanunua masalio, kwa kuwa bamba zima ni ghali.

Katika somo hili nataka kuwaonyesha jinsi ya kukata bamba la namna hii kwa vyombo vipatikanavyo nyumbani. Lakini kwanza sharti niseme habari ya kosa langu mwenyewe, kwa maana ndilo lililonifundisha.

Jioni moja mwanafunzi wa darasa la saba alikuja kwangu amebeba bamba kwapani. Mama yake huuza maandazi na chapati karibu na stendi ya mabasi, naye ana kabati dogo la mbao lenye kioo mbele. Kioo kile kilivunjika siku walipolihamisha kabati kwa mkokoteni, na bwana afya alikuwa amempa mama siku tatu: ama chakula kifunikwe, ama biashara isimame.

Kijana akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Mama anakusalimu sana. Anaomba umkatie hili, liingie mbele ya kabati."

Nikajibu, "Marahaba. Lete, hii ni kazi ya dakika tano."

Mimi nilijifunza useremala kidogo chuoni, nikajiona fundi. Nikatwaa msumeno wangu wa mbao, wenye meno makubwa, nikaliweka bamba juu ya meza, nusu ndani na nusu nje, nikamwambia kijana ashike upande ule ulioning'inia. Tukaanza. Mwanzo msumeno uliingia vizuri. Kisha bamba likaanza kutetema na kupiga kelele, msumeno ukanasa, nami badala ya kusimama nikausukuma kwa nguvu. Pembe nzima ya bamba ikapasuka kwa kishindo. Kijana akaachia alichoshika, akaziba jicho la kulia kwa kiganja.

Alitaka kulisugua, nikamkamata mikono. Tukaliosha jicho kwa maji safi ya kunywa, tukiyamimina polepole kutoka upande wa pua yaende upande wa sikio, lakini maumivu hayakupungua. Jirani mmoja akaja na shauri la kutia maziwa ya mama anyonyeshaye, kama wafanyavyo watu wengi. Nilimshukuru, nikakataa, tukapanda bajaji mpaka hospitali.

Daktari alitafuta kwa tochi asione kitu. Ndipo aliponiuliza, "Mwalimu, mlikuwa mnakata nini?" Nilipomwambia, akatikisa kichwa. "Chuma kingeonekana," akasema, "na ubao ungeonekana. Lakini kitu hiki ni angavu, na ndani ya machozi hujificha kama barafu ndani ya maji." Akatia jichoni tone la dawa yenye rangi, akamulika kwa taa ya samawati, na mkwaruzo ukang'aa kijani kama mstari wa kalamu. Kisha akaligeuza kope la juu, na chini yake palikuwa na chembe ndogo kuliko punje ya ulezi. Akaitoa kwa pamba. Jicho lilipona baada ya siku chache. Lakini usiku ule mimi sikulala, wala sikuwa na neno la kumwambia mama yake ila pole.

Nilikumbuka habari moja niliyopata kuisoma zamani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, vifuniko vya vyumba vya marubani katika ndege nyingi za Kiingereza vilifanywa kwa Perspex. Mwezi wa Agosti 1940 rubani mmoja, jina lake Gordon Cleaver, alipigwa risasi akiwa angani. Kifuniko cha ndege yake kikapasuka, vipande vikamwingia machoni. Inasimuliwa kwamba siku hiyo aliondoka kwa haraka akasahau miwani yake ya kukinga macho. Jicho moja likapofuka. Daktari wa macho Harold Ridley, aliyewatazama marubani kama huyu, aliona jambo la ajabu: vile vipande vilivyobaki ndani ya jicho vilikaa kimya, havikuleta uvimbe wala usaha. Akawaza kwamba, ikiwa jicho huvumilia kitu hiki, basi lenzi ya akriliki yaweza kutiwa mahali pa lenzi iliyoharibika. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, akafanya hivyo kwa mgonjwa mwenye mtoto wa jicho. Tangu hapo watu wengi sana duniani wamerudishiwa kuona kwa njia hiyo. Lakini msije mkadhani ya kuwa kwa sababu hiyo chembe za akriliki hazina madhara. Lenzi ya Ridley ilikuwa imesuguliwa ikawa laini. Chembe itokayo chini ya msumeno ina makali kama wembe, tena huja kwa mwendo.

Haya, turudi Tunduma. Siku ya pili yake nilikwenda na kijana, jicho lake limefungwa, kwa fundi mabango mmoja aliye na banda lake kando ya barabara. Tulimkuta ameinama juu ya bamba.

"Shikamoo, fundi," kijana akasema.

"Marahaba, mwanangu. Karibu, Mwalimu. Jicho limekuwaje?"

Nikamweleza yote. Fundi hakucheka. Aliuliza neno moja tu: "Ulitumia msumeno wa mbao?" Kisha akasema, "Hii si mbao, Mwalimu, wala si kioo. Ukiipeleka kama mbao, inapasuka. Ukiipeleka kama kioo, inakataa. Ina namna yake."

Namna yenyewe ndiyo hii. Bamba lisilozidi milimita 3, au 4 ukiwa na mkono mzuri, halina haja ya msumeno kabisa. Hukatwa kwa kulitia mfuo na kulivunja. Ninyi mnajua tayari kazi hii, ijapokuwa hamkujua kwamba mnaijua. Mtoto atakaye kugawa muwa, ikiwa hana panga, huuzungushia kisu akatia alama pande zote, kisha huuvunja gotini. Nao huvunjika palepale penye alama, wala si mahali pengine. Sababu ni kwamba nguvu za mikono, badala ya kuenea katika muwa wote, hukusanyika chini ya alama ile, ambako ni pembamba. Bamba la akriliki ni vivyo hivyo.

Chombo cha kutia mfuo chaweza kununuliwa, lakini fundi yule alikuwa amejitengenezea chake. Alitwaa kipande cha ubapa wa msumeno wa chuma uliovunjika, akausaga ncha mpaka ukawa na pembe kama ukucha wa kuku uliopinda, akauzungushia mpira wa baiskeli upande wa kushikia. Ukucha huo haukati kama kisu. Huchimba, ukatoa uzi mwembamba wa akriliki kila unapovutwa. Mkiona unga tu badala ya uzi, chombo kimekuwa butu. Kisu kigumu cha kawaida chafaa pia kwa bamba jembamba, lakini wembe haufai hata kidogo, maana huvunjika na kuruka.

Kabla ya kugusa chombo, alitupa miwani. Si miwani ya jua, bali miwani myeupe ya plastiki izibayo na pande za macho, kama ile ambayo mafundi wa vyuma huivaa wanaposaga. Alimpa kijana pia, ijapokuwa kijana alikuwa mtazamaji tu. "Anayetazama ana macho kama anayekata," akasema, akaendelea na kazi. Mimi nilitia moyoni neno hilo, kwa kuwa jana yake aliyeumia hakuwa mkataji. Alivaa na glavu nene katika mkono wa kushoto, mkono ulioshika bamba, kwa sababu kingo mpya za akriliki hukata ngozi.

Bamba likija kutoka kiwandani huwa limebandikwa karatasi au utando wa plastiki pande zote mbili. Msiubandue. Utando huo hulikinga bamba lisikwaruzike, na juu yake mwaweza kuchora mistari yenu kwa kalamu pasipo kuharibu kitu.

Akapima nafasi ya kabati: milimita 600 kwa 400. Nikadhani atakata bamba la kipimo hicho hicho. La, alikata la 598 kwa 398. Nilipomwuliza sababu, akasema, "Mchana linakua." Na ni kweli kabisa. Akriliki hutanuka kwa joto kuliko kioo mara saba au nane. Bamba la urefu wa mita 1, joto likizidi kwa nyuzi 20, hurefuka milimita 1.4, kioo cha urefu huo huo hakifiki milimita 0.2. Ninyi mkaao nyanda hizi za juu mnajua jinsi asubuhi ilivyo na baridi na jua la mchana lilivyo kali. Bamba lililobanwa sawasawa asubuhi, likikosa mahali pa kwenda mchana, hupinda mgongo au hupasuka kwenye misumari.

Kisha akaliweka bamba juu ya ubao ulionyooka, lote, hakuna sehemu iliyoning'inia. Akaweka rula ya chuma juu ya mstari, akaibana kwa vibano viwili vya seremala, kimoja kila mwisho. Hapa ndipo watu wengi hufanya uvivu: huishika rula kwa vidole. Rula huteleza, chombo huhama, na kilicho mbele ya chombo ni vidole. Ikiwa nyumbani hamna vibano, mtu mzima na akae upande wa pili akandamize rula kwa kipande cha ubao, mikono yake ikiwa mbali na mstari.

Mara ya kwanza alivuta ukucha wake taratibu sana, karibu bila kukandamiza, kutoka ukingo wa mbali mpaka ukingo wa karibu. Mvuto wa kwanza ni njia, na yote yafuatayo hupita humo. Ukipotoka, mkwaruzo wake haufutiki. Mara ya pili akaongeza nguvu kidogo, na ya tatu. Kijana alihesabu: kwa bamba la milimita 3 alivuta mara kumi na mbili, mfuo ukawa na kina cha milimita 1 na kitu. Aliangalia sana miisho yote miwili, akahakikisha mfuo umefika ukingoni kabisa, kwa maana mfuo usipofika ukingoni, mpasuko ukifika pale hujichagulia njia yake mwenyewe. Wakati wote huo mkono wake wa kushoto ulikuwa nyuma ya chombo, haukuwa mbele hata mara moja.

Basi ikaja saa ya kuvunja. Akalisogeza bamba mpaka mfuo ukalingana na ukingo wa meza, mfuo ukitazama juu. Akaweka ubao juu ya sehemu iliyo mezani, akaukandamiza kwa mkono mmoja. Kwa mkono wa pili, kiganja kikiwa wazi, akaikandamiza chini ile sehemu iliyotokeza nje, kwa mara moja, pasipo kusitasita. Bamba likalia ta! na kipande kikabaki mkononi mwake, kimenyooka kama rula yenyewe. Kijana akapiga makofi.

Nikamwuliza, "Na lisipovunjika?"

"Usishindane nalo," akasema. "Rudisha mezani, ongeza mfuo."

Akaniambia na jambo jingine ambalo sikulijua. Upande unaoukata usiwe mwembamba mno. Ukitaka kuondoa ukanda wa sentimita 1 au 2 tu, mkono hauna mahali pa kushika, na ukanda huvunjika vipande vipande vinavyoruka. Ukanda mwembamba huondolewa kwa tupa au kwa msumeno.

Tena yako mabamba yafananayo na akriliki kwa macho lakini si akriliki. Moja huitwa polikaboneti. Ni lile litumiwalo kwenye paa zipitishazo mwanga. Hilo hupinda sana pasipo kuvunjika, na mtu anaweza kulitia mfuo na kulikandamiza mpaka jioni. Kwa hiyo jaribuni kwanza masalio madogo ya bamba lenyewe: yatieni mfuo, mvunje mkiwa mmevaa miwani. Yakikatika safi, ni akriliki. Yakipinda tu, mpelekeeni fundi.

Sasa niseme juu ya msumeno, kwa kuwa bamba la milimita 5 au zaidi halivunjiki vizuri kwa mkono, na kona za ndani wala mizunguko haiwezekani kwa mfuo. Msumeno ufaao ni ule wa chuma ambao fundi bomba hukatia mabomba. Ubapa wake huandikwa hesabu ya meno kwa kila inchi: 18, 24 au 32. Chagueni wa 24 au 32. Meno madogo hula kidogo kidogo. Meno makubwa hunasa na kupasua, kama nilivyojionea. Bamba libanwe juu ya ubao, na mstari wa kukata uwe karibu sana na ukingo wa meza, lisipate kutetema. Ukiweza, weka ubao mwembamba chini na mwingine juu, ukate vyote pamoja. Utatoka ukingo usio na mapengo. Ulaze msumeno, usiusimamishe. Usukume kwa mwendo wa mtu asiye na safari.

Sababu ya kwenda polepole si adabu tu. Akriliki huanza kulegea ikifika joto la nyuzi 100 hivi, nalo joto hilo hupatikana upesi kwenye meno ya msumeno yanayosuguana. Mkikata kwa haraka, unga huyeyuka, huganda tena nyuma ya msumeno kama gundi, na msumeno hukwama katikati ya kazi. Mtu akiona umekwama, huvuta kwa hasira. Ndipo bamba hupasuka. Basi mkisikia harufu kali tamu, hiyo ni akriliki inayoungua. Simameni, ubapa upoe. Misumeno ya umeme ni kazi ya watu wazima waliofundishwa, wala sitasema habari zake hapa.

Kutoboa tundu la parafujo ni jambo lenye hatari yake. Keekee ikikaribia kutokea upande wa pili hulishika bamba na kulizungusha. Kwa hiyo bamba na libanwe juu ya ubao, tundu litobolewe polepole, tena lisiwe karibu na ukingo. Lipanuliwe kuliko parafujo kwa milimita 1 au 2, kwa sababu ile ile ya kutanuka. Na hapa glavu zivuliwe! Kitambaa kikinaswa na keekee ya umeme huvuta na mkono.

Bamba likiisha kukatwa, kingo zake bado ni kali. Fundi alikwaruza kingo kwa mgongo wa kisu, akiuvuta kuelekea upande mmoja, kisha akasugua kwa msasa uliolowa maji. Maji hushika unga usiruke puani. Msasa mkavu hutoa vumbi jeupe jembamba, nalo halifai kuvutwa ndani ya kifua. Asiye na maji na avae barakoa, akae nje penye upepo. Mwisho akabandua utando, akaosha bamba kwa maji ya sabuni na kitambaa laini, mara mbili, kwa kuwa litakaa karibu na chakula.

Nilikuwa nimeleta chupa ya petroli ya kufutia alama za gundi. Fundi alipoiona, alinipeleka nyuma ya banda akanionyesha bango la zamani. Mahali palipofutwa kwa petroli palikuwa na nyufa nyembamba mamia, kama utando wa buibui ndani ya kioo. Petroli, tina na spiriti kali huila akriliki kimya kimya, hasa pale ilipokatwa au kupindwa. Katika mwaka 2020, ugonjwa wa korona ulipoenea, watu wa nchi nyingi walisimamisha mabamba haya mbele ya meza za maduka na benki, wakayafuta kila saa kwa dawa yenye spiriti; mengi yakapata ukungu na nyufa. Maji ya sabuni yangetosha.

Yalibaki masalio sakafuni. Kijana akayakusanya kwa ufagio, akasema atampelekea mama yake ya kuwashia mkaa. Desturi hiyo ni ya siku nyingi. Kabla mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa haijapigwa marufuku katika nchi yetu tarehe 1 Juni 2019, ni nani ambaye hakuwashia jiko mfuko? Fundi akamzuia. Akriliki huwaka kweli, tena kwa moto mkubwa unaodondosha matone, na moshi wake huwasha macho na koo. Masalio makubwa aliyatia katika sanduku la vipande vya kuuza. Madogo akayafunga ndani ya gazeti, yasimkate mtu wa taka. Kwa sababu hiyo hiyo alimwagiza kijana kwamba kabati lisiwekwe karibu na jiko, na kwamba maandazi yatokayo katika mafuta yachujwe na kupoa kidogo kwanza, yasiegemee kioo kipya.

Bamba liliingia katika kabati siku ile ile, likiwa na nafasi ya milimita 1 kila upande. Tulilishika kwa vipande vyembamba vya mbao, si kwa misumari. Asubuhi yake bwana afya alipita, akagonga kwa ukucha, akasikia ile sauti nzito, akaandika kitu katika daftari lake, akanunua maandazi mawili.

Sasa toeni madaftari. Bamba zima lina milimita 1220 kwa 2440. Mama wengine wa stendi wanataka vioo kama kile, kila kimoja milimita 598 kwa 398. Mtapata vioo vingapi katika bamba moja? Je, mkigeuza kioo, urefu wake ukawa upande ule mwingine wa bamba, hesabu itabadilika? Na ikiwa sentimita ya ujazo ya akriliki ina uzito wa gramu 1.19, na ya kioo cha dirisha gramu 2.5, kila kioo cha unene wa milimita 3 kitakuwa na uzito gani, na mama atakayelisukuma kabati kwenye mkokoteni atapunguziwa gramu ngapi?